Besi ya Shemeji Nusu

Ipo picha moja sebuleni kwa dada yangu, juu ya friji, na hiyo ndiyo iliyompa shemeji jina lake. Ni picha ya bendi. Mwimbaji amesimama mbele, mkono mmoja hewani, kola ya shati imechanua kana kwamba anataka kuruka nayo. Wapiga gitaa wawili wako nyuma yake. Mpiga ngoma anaonekana meno tu. Halafu, mwisho kabisa kushoto, upo mkono ulioshika shingo ya gitaa la besi. Mkono una kiwiko, kiwiko kinapanda mpaka begani, juu ya bega kuna sikio moja, na hapo picha inaisha. Huyo ndiye shemeji. Mpiga picha aliwaomba wabanane kidogo waenee, wenzake wakabanana kuelekea ndani, yeye kwa adabu akasogea nje.

Tangu siku hiyo anaitwa Nusu. Mtaa mzima unamwita hivyo, na hana kinyongo. Husema nusu iliyobaki ndiyo nzuri zaidi, na wasioiona wamejipunja wenyewe. Dada akiwa na furaha humwita baba watoto. Ukisikia na yeye anasema Nusu, tafuta kiti ukae mbali.

Alipiga besi miaka kumi na mmoja katika hoteli yenye ukumbi chini na vyumba juu. Mpiga besi ni mtu wa ajabu kidogo. Akipiga vizuri hakuna anayemsikia, akikosea wote wanageuka. Nusu aliridhika na hali hiyo. Alisimama nyuma kando ya amplifaya yake ya valvu, likasha lenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza na uzito wa baba yake mzazi, akawatazama watu wakicheza kwa sauti ambayo wao walidhani inatoka miguuni mwao wenyewe.

Hoteli ilipogeuzwa duka la vigae, bendi ilivunjika. Mwimbaji aliondoka na maikrofoni, mpiga ngoma na ngoma zake. Amplifaya ilibaki jukwaani kwa sababu hakuna aliyeweza kuinyanyua, kwa hiyo wakakubaliana kwa kauli moja kwamba ni zawadi ya Nusu. Akaileta nyumbani kwa mkokoteni, wiki ile ile ambayo dada alikuwa akisubiri kabati la vyombo. Dada aliona watu wanashusha kitu kikubwa kilichofunikwa shuka, akafagia mahali pa kukiweka. Habari ya shuka ile kufunuliwa sitaisimulia, kwa heshima ya wote wawili.

Miaka michache baadaye amplifaya ikatoa moshi mwembamba, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni, ikanyamaza. Nusu akaisukuma mpaka chumba cha uani, chumba anachotengenezea redio, feni na pasi za watu, akairudishia shuka lake. Ilikaa humo miaka kumi na tisa. Kila mwaka alisema ataifungua baada ya mvua.

Nieleze hapa tabia yake moja, maana ndiyo iliyotaka kutumaliza. Nusu akifungua kitu, skrubu anaziweka mdomoni. Anazipanga katikati ya midomo, vichwa nje, nne au tano, na kazi inaendelea. Anasema mezani skrubu hupotea, mdomoni haipotei. Hajawahi kumeza hata moja, isipokuwa ile ya redio ya mwalimu mkuu, na hiyo anaikana mpaka leo. Shida ni kwamba haachi kuzungumza. Anazungumza na skrubu zake mdomoni, na maneno yanatoka yamebanwa, mengine yamekatwa vichwa. Wateja wamezoea kuitika tu.

Dada ni msusi. Kwa miaka mingi alisukia wateja barazani, kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka mguu. Upepo ukija, nywele za bandia zinakwenda kwa jirani. Jua likigeuka, mteja na kiti wanageuka nalo. Siku moja mwanzoni mwa mwaka, mteja alinyeshewa nusu kichwa kimesukwa na nusu kimechambuliwa, na dada akaingia ndani akiwa na chanuo mkononi.

"Nusu," alisema.

Mimi nilikuwepo, nikatafuta kiti cha mbali.

"Chumba cha uani kina dirisha, kina umeme, kina kitasa kinachofunga. Mteja wangu ananyeshewa kama kuku, na likasha lako limelala pakavu na shuka juu kama mgonjwa wa serikali."

"Si likasha, mama. Ni amplifaya."

"Amplifaya ni kitu kinachotoa sauti. Hiki kimenyamaza miaka kumi na tisa. Hata kaka yangu huyu anazungumza zaidi."

Nilitabasamu, nikaangalia viatu vyangu.

Nusu alijitetea kidogo, lakini dada alikuwa ameshapanga maneno. Alimpa miezi miwili. Siku ya mwisho itakuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, naye atakuwa jikoni anaendelea na shughuli zake. Akiisikia amplifaya akiwa jikoni, chumba kitakuwa cha mumewe mpaka meno yamtoke. Asipoisikia, Jumapili anaingiza kioo chake na viti vyake, na mambo ya redio yatahamia chini ya ngazi, pale penye ndoo.

"Nisikie mwenyewe," alisema. "Si kuambiwa kwamba imelia."

"Utasikia."

Wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe.

Watu wengine wanaweza kusema chumba ni chumba tu, lakini mimi nilimwona Nusu jioni ile. Sebuleni kwake hukaa ukingoni mwa kochi kama mgeni aliyeleta barua. Mezani hula haraka akaondoka. Ni mle uani tu, katikati ya nyaya na vifuniko vya redio, ndipo hutanua miguu, hupiga mluzi, hubishana na feni. Mle ndani alikuwa mzima. Chini ya ngazi, penye ndoo, hata kusimama wima asingeweza.

Kwa hiyo akaifungua. Siku ya pili tu akaniita.

Mimi ni fundi makochi. Nabadilisha vitambaa, natia sponji, nafukuza kunguni, na sina maneno mengi. Nusu alitaka kasha livishwe upya, maana ngozi yake ya bandia ilikuwa imebanduka kama maganda ya kitunguu. Nikaanza kung'oa misumari ya kona. Chini ya kitambaa cha mbele nilitoa vumbi la kuweza kuotesha mchicha, vifuniko vitatu vya soda, na ufunguo wenye kibati cha namba kumi na nne.

Nusu aliushika, akautazama sana.

"Huu tuliutafuta wiki nzima," alisema. "Mgeni alilala mapokezi."

Mwezi wa kwanza ulikwenda kwenye kapasita, vile vikopo vidogo vya kutunzia umeme. Vilikuwa vimevimba matumbo, akavitoa kimoja kimoja na kulehemu vipya. Wiki mbili zilikwenda kwenye spika, ambayo karatasi yake ilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole. Aliuziba kwa karatasi laini na gundi aliyoizimua kwa maji, tabaka juu ya tabaka, akipuliza kila moja kana kwamba ni uji wa mtoto. Alipokuwa akipima umeme wa ndani alitumia mkono mmoja, wa pili ameutia mfukoni.

"Shemeji, ukisikia mafundi wa valvu wamezeeka, ujue walikuwa na mifuko," aliniambia. "Mikono yote miwili ikigusa humu, umeme unapita kifuani. Mmoja ukiwa mfukoni, unaponea."

Dada alikuwa anapita na beseni. "Hata kazi anafanya kwa nusu," alisema, akaendelea na safari yake.

Kitu alichokiogopa zaidi ni transfoma, lile donge zito la chuma lililoko nyuma. Vingine vyote vinaweza kupatikana au kuigizwa. Ile haipatikani tena, hata uende wapi.

"Ikiungua hii, amplifaya inakuwa kabati," alisema.

"Kabati nalitaka toka zamani," sauti ya dada ikajibu kutoka barazani.

Zikabaki valvu. Kwa asiyezijua, valvu ni chupa ndogo ya kioo yenye miguu ya chuma na waya ndani, inawaka rangi ya chungwa, na ndiyo inayokuza sauti. Amplifaya ya Nusu ilihitaji nne kubwa. Alikuwa nazo saba, alizokusanya kwenye droo na kwenye maredio ya marehemu, amezilaza katika trei la mayai. Zote saba zilikuwa na kimo kimoja na miguu minane, na zote zilikuwa zimeingia weusi kama wa moshi kwa ndani, waya zake huwezi kuzitofautisha. Lakini nne ni za kazi nzito, na tatu ni za kazi nyepesi. Ukichomeka nyepesi mahali pa nzito, inaungua, na ikiungua inaondoka na transfoma. Tofauti yao ilikuwa ni namba iliyoandikwa kwenye kioo kwa rangi nyeupe. Hilo alilijua yeye. Mimi nilijua trei la mayai.

Alhamisi, siku mbili kabla ya hukumu, alikuja mteja wa dada na mtoto anayetambaa. Mtoto alishaingia uani mara mbili, na mara ya pili alitoka na waya mdomoni. Nusu alikuwa ameinama ndani ya kasha. Akainuka, akachukua kofia, akanionyesha trei kwa kidevu.

"Shemeji, zifshe hizo," alisema. "Nakwenda kutafuta fyuzi."

Kati ya zif na e palikuwa na skrubu nne.

Mtu mwingine angeuliza, unasemaje? Mimi sijawahi kumwuliza mtu anasemaje. Nikisikia nusu ya neno, nusu nyingine najaza mwenyewe kuliko kumsumbua aliyesema. Nikatazama trei. Valvu zilikuwa na vumbi la miaka. Nikaona wazi kabisa kwamba ameniambia zifute.

Na kufuta ndiyo kazi niliyosifiwa tangu utoto. Nilisoma mpaka darasa la saba, na mwalimu alipoona kwamba mimi si wa kujibu maswali, alinipa dasta. Miaka mitatu nilifuta ubao. Mwenzangu akiulizwa mto mrefu, mimi niliulizwa kama nimefika pembeni, na nilikuwa nimefika.

Nilichukua maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, na kile kitambaa laini ninachotumia kwa makochi ya mahameli. Miguu ya chuma sikuilowesha, hilo nilikuwa na akili nalo. Nilifuta moja moja, juu mpaka chini, nikazikausha. Palikuwa na madoa meupe kama ya chaki kwenye kioo, yakatoka bila hata kusugua. Nilidhani ni bei ya dukani. Nikimaliza kochi la mtu, mimi kwanza hutoa alama ya bei ya kitambaa, si vizuri mteja akae juu yake. Nikazirudisha kwenye trei zikiwa zinameta, nikaliweka sakafuni kwenye kona yenye baridi, nikaenda zangu nimeridhika.

Ijumaa asubuhi Nusu akachukua valvu ya kwanza. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akaisogeza karibu na pua.

"Zinang'aa," alisema.

"Ndiyo," nikasema.

Akachukua ya pili, ya tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaenda kuazima miwani ya dada, ile yenye fremu nyekundu, akarudi nayo usoni. Akatoka na valvu juani, akaiinua juu kama anatafuta mtoto kwenye yai. Nilikuwa natia msumari kwenye kona ya kasha, na msumari ule niliupiga muda mrefu kuliko msumari wowote maishani mwangu.

"Macho yangu yamekwisha, shemeji," alisema alipoingia. Alisema polepole, bila skrubu hata moja mdomoni. "Au nimezishika sana, namba zikatoka. Rangi yenyewe ya zamani, ukiigusa tu inaondoka. Ndiyo maana nilikwambia zifiche, mtoto asizichezee."

Zifiche.

Nilihisi kama nimekalia sindano ya kushonea magodoro. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya kusema. Nilifungua mdomo, nikapiga msumari mwingine.

Alikaa juu ya boksi mpaka mchana, trei mapajani. Nilimwuliza kwa ishara kama hawezi kubahatisha. Akatikisa kichwa, akaonyesha transfoma. Saa tisa dada akaingia na futi ya kupimia, akapima upana wa dirisha, akapima ukuta wa kuwekea kioo, akaandika kiganjani kwa kalamu.

"Sikuharakishi," alisema. "Napima tu, vipimo haviozi."

"Ni kesho saa kumi," Nusu akasema.

"Najua. Mbona umevaa miwani yangu?"

Akamvua, akaondoka nayo. Nusu akaanza kupanga bisibisi zake kwenye ndoo.

Niliporudi nyumbani nilipanga hotuba. Nilipanga ya maneno mengi, nikaipunguza, ikabaki hivi: Shemeji, ni mimi niliyezifuta. Jumamosi asubuhi niliisema njia nzima. Niliuambia mti wa kwanza, nikaiambia nguzo ya umeme, nikaliambia lango. Vyote viliichukulia vizuri.

Nusu alikuwa mle ndani, ameshashusha rafu moja. Kulikuwa na baridi ya asubuhi na sakafu ilikuwa kama barafu. Nikachuchumaa penye trei, nikachukua valvu moja ili mikono yangu iwe na kazi. Sikuweza kumtazama usoni. Nikaisogeza ile valvu karibu na kinywa, nikaiambia hiyo badala ya kumwambia shemeji.

"Shemeji," nikaiambia valvu, "haa... hazikutoka kwa kushikwa. Nilizifuta. Ulisema zifiche, nikasikia zifute."

Nikabaki nimeiangalia. Pumzi yangu ilikuwa imetanda kwenye kioo, ukungu mweupe. Na katikati ya ukungu palikuwa na namba. Ilikaa kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, ikapotea.

"Shemeji," nikasema, safari hii nikimwambia yeye.

"Nimesikia. Umezifuta kwa nini, wewe mtu? Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni. Njoo uone."

"Nione nini tena?"

"Njoo."

Nikaihemea tena. Haaa. Namba ikarudi, herufi kwa herufi, kama maandishi ya jana kwenye ubao uliofutwa na mtoto mvivu. Rangi ilikuwa imeondoka, lakini pale ilipokaa miaka yote kioo kilikuwa kimeukumbuka mguso wake, na mvuke ulikwepa mahali pale. Nusu alipiga magoti. Akanipokonya valvu, akaihemea mwenyewe, akasoma.

"Nzito," alinong'ona. "Hii ni nzito. Lete nyingine. Hema."

Tukahema. Mmoja anahema, mwingine anasoma kabla ukungu haujaondoka, na iliyosomwa inabandikwa plasta na kuandikwa kwa kalamu. Ya pili nyepesi. Ya tatu nzito. Ya nne nyepesi. Tulifika ya tano tumeishiwa pumzi, tumepiga magoti tunatazamana, midomo wazi, na hapo ndipo dada alipofungua mlango.

Alitutazama. Akatazama valvu.

"Mnafanya nini?"

"Tunasoma," Nusu akasema.

"Kwa kuhema?"

"Kaka yako alifuta namba."

"Kaka yangu anafuta vizuri. Toka shuleni." Akafikiri kidogo. "Na kwa nini nzuri na mbovu ziliwekwa trei moja?"

"Si mbovu, ni nyepesi. Na zilikuwa na majina. Hata darasani watoto hukaa pamoja, wana majina."

"Haya. Saa kumi," dada akasema, akarudishia mlango. Kisha akaufungua tena. "Na mkizimia humo ndani kwa kuhema, chumba ni changu."

Ya tano nyepesi. Ya sita nzito. Ya saba ikakataa kabisa. Tulihema kwa zamu mpaka kioo kikaota jasho, hamna kitu. Nusu akaanza kuingiwa na wasiwasi, lakini mimi nilihesabu vidole. Nyepesi ni tatu, zote zimeshapatikana. Basi hii haina pa kwenda isipokuwa kwenye nzito. Hesabu hiyo hata mfuta ubao aliiweza. Nusu alinitazama kama ananiona mara ya kwanza, akaibandika plasta.

Saa kumi kasoro robo kasha lilikuwa limevaa ngozi mpya nyeusi, misumari ya kona inameta. Nusu alitoa gitaa chini ya kitanda, akalifuta, nikamwachia hilo alifute mwenyewe. Kutoka mlangoni niliweza kuliona dirisha la jikoni upande wa pili wa ua. Dada alikuwa ametupa mgongo, anaosha vyombo, redio yake ameizima. Haki aliitenda.

Saa kumi kamili Nusu akawasha. Hakuna kilichotokea.

"Saa kumi," sauti ya jikoni ikasema.

"Subiri, mama. Valvu hupata moto kwanza."

"Miaka kumi na tisa haikutosha kupata moto?"

Nusu alikuwa ametia mkono mmoja mfukoni, ingawa hakuwa akipima chochote. Tukainama nyuma ya kasha. Ndani ya kioo cha kwanza kikatokea kidoti chekundu. Kikawa rangi ya chungwa. Cha pili, cha tatu. Cha nne, cha ile valvu iliyokataa kusomeka, kikakawia, kikakawia, kisha kikawaka kuliko wenzake wote. Transfoma ikaanza kuunguruma kwa mbali, kama mtu anayeota ndoto nzuri. Hakuna moshi. Nusu akanusa hata hivyo, kona zote nne.

Kisha akasimama, akapiga uzi mmoja, ule mnene.

Siwezi kusema niliusikia. Ulipanda kutoka sakafuni, ukapita magotini, ukakaa tumboni. Kioo cha dirisha kikatetemeka. Nusu akafumba macho, akaongeza wa pili na wa tatu, na taratibu vidole vikakumbuka njia, vikaanza kutembea, ule mwendo wa ukumbini, kwenda mbele hatua mbili na kurudi moja. Alipiga kama dakika tano. Mluzi ukamtoka bila yeye kujua.

Dada akaja uani anafuta mikono kwa aproni. Alisimama mlangoni, uso hauna kitu.

"Mmemaliza?" akauliza. "Sikusikia kitu."

Nusu akaacha kupiga. Mluzi ukaisha katikati.

"Sikusikia," akarudia. "Nimesikia bomba la maji, nimesikia kuku wa jirani. Tulisema nikisikia mwenyewe, si kuambiwa."

Nusu alitazama gitaa, akatazama ndoo. Alikuwa mtu wa neno lake, na nilimwona anaanza kuvua mkanda wa gitaa begani. Nami nilikuwa nimesimama mlangoni pale muda wote, naliona dirisha la jikoni.

"Dada," nikasema. "Ulikuwa unacheza."

Wote wawili wakageuka. Sidhani kama walishawahi kunisikia nikianza mazungumzo.

"Nani kakuuliza wewe?"

"Hakuna. Ulikuwa unaosha sufuria, kisigino kinapiga chini. Halafu mabega. Halafu ukazunguka na sufuria."

Dada akaangalia miguu yake kana kwamba imemsaliti.

"Mguu si sikio," akasema.

"Kwa besi," Nusu akasema polepole, "mguu ndio sikio."

Dada ndiye aliyeanza kucheka, kwa pua kwanza, akijizuia, kisha akaegemea mlango.

"Na vikombe vyangu vimesogea mpaka ukingoni mwa rafu," alisema. "Kimoja nimekidaka. Chumba ni chako, baba watoto. Lakini vikombe vyangu utavijengea kizuizi."

Jumapili kioo kikaingia kweli, lakini barazani. Nusu aliijengea baraza ukuta wa mbao upande wa upepo na paa la bati upande wa mvua, akavuta waya wa umeme na taa. Kizuizi cha vikombe nacho alikijenga, nusu. Mimi nilitengeneza kiti cha msusi, cha kuegemea, nikakivisha kipande cha ngozi nyeusi kilichobaki kwenye kasha. Kiti kimegusana mgongo na ukuta wa chumba cha uani. Wateja wanasema ukisukwa pale kuna kitu kinakukanda kiuno, hawajui ni nini, na wanarudi. Dada anawaambia ni sponji ya kaka yake.

Juzi nilipita kumwona shemeji. Alikuwa ameinama kwenye feni ya mtu, skrubu zimejaa mdomoni, na kwenye boksi ninalokaliaga palikuwa na kipande kizuri cha kitambaa kipya. Akanionyesha boksi kwa kidevu, akasema neno moja. Nililijaza mwenyewe, kama kawaida yangu, nikatoa mkasi mfukoni, nikaufungua. Halafu nikasita.

"Shemeji," nikamwambia, "toa kwanza skrubu."

Akazitoa moja moja, tano, akazipanga mezani.

"Nimesema keti," akasema. "Sogeza kitambaa cha dada yako, uketi. Wewe umesikia nini?"

Nikaurudisha mkasi mfukoni. Nilikuwa nimesikia kata.